Muyaka bin Haji: Mfumbaji wa Mvita na Waliomfumbulia

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili hukutana na jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy mapema katika masomo yake. Huelezwa kwamba Muyaka ndiye aliyelitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Huliandika dai hilo daftarini, hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huendelea na mada nyingine. Mshairi mwenyewe hubaki nyuma, pamoja na mji wake, marafiki zake na maadui zake. Kinachobaki nyuma zaidi ni swali ambalo makala haya yanakusudia kulishughulikia: mashairi ya mtu aliyefariki takriban mwaka 1840, aliyependa kuficha maana na ambaye hakuacha kitabu kilichopigwa chapa, yalitufikiaje sisi tukaweza kuyaelewa?

Jibu fupi ni kwamba yalitufikia kwa msaada. Fumbo halikamiliki bila mfumbuzi, na mfumbuzi naye mara nyingi hulazimika kumwendea mwingine aliye karibu zaidi na chanzo cha maneno. Tutayasimulia maisha ya Muyaka tukilizingatia jambo hilo, kisha tutawatazama watu waliomfumbulia baada yake. Kabla ya hapo, hatuna budi kuanza na fumbo lenyewe.

Fumbo la gazetini na fumbo la jadi

Katika Soin, sehemu ya chini yenye joto ya Kaunti ya Kericho, ukiteremka kutoka kwenye mashamba ya chai kuelekea upande wa Kisumu, gazeti moja husomwa na watu wengi. Hununuliwa na mmoja, likasomwa hotelini kwenye chai, likapita dukani na kwa fundi wa nguo, na kufikia jioni huwa limekunjika pembe zote. Ukurasa unaoandikwa kwa kalamu ni ule wa chemshabongo: ule mraba wa vijumba vyeupe na vyeusi, ambamo maneno mengine huenda wima na mengine mlalo, na kila neno huazima herufi kwa jirani yake. Ni nadra mraba huo kujazwa na mkono mmoja. Aliyeanza hukwama, humwuliza mwalimu jina la mto, humwuliza mzee jina la kiungo cha mwili ambalo vijana wamelisahau, na humwuliza dereva jina la mji wa mbali. Likimalizika, si rahisi kusema nani hasa amelimaliza.

Chemshabongo la namna hii lina asili inayojulikana. Arthur Wynne, mwandishi wa habari aliyezaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1871, alilichapisha la kwanza katika gazeti la New York World la Marekani tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa na umbo la almasi. Katika miaka ya 1920 lilienea Marekani nzima, na gazeti la The Times la London, ambalo mwanzoni halikuwa na mchezo huo, likaanza kulichapisha mwaka 1930. Kwa hiyo mraba wa gazetini ni mgeni wa juzi tu kwetu.

Hata hivyo, tabia ya kufumba na kufumbua si ngeni. Wakipsigis wana tangoch, vitendawili ambavyo watoto walitegewa jioni motoni. Waswahili wana kitendawili chenye kanuni zake: mmoja hutangaza, wa pili humtaka atege, na asiyeweza kutegua hutoa mji. Kanuni hiyo ya mji ina hekima inayostahili kuangaliwa. Aliyeshindwa hafukuzwi barazani wala hachekwi moja kwa moja. Hulipa mji wa kufikirika, mtegaji husafiri huko, hula na kunywa kwa maneno, kisha hulitoa jibu. Maana yake ni kwamba jadi yenyewe iliutambua msaada, ikautengea nafasi na ikauwekea bei ya heshima. Ipo methali maarufu inayosema kwamba fumbo humtenga mjinga na mwerevu. Kanuni ya mji inaikosoa methali hiyo kwa upole, kwani inatuonyesha kwamba kuna njia ya tatu, ya mtu asiyejua leo lakini aliye tayari kulipa ili ajue.

Muyaka alikulia katika jadi hiyo, akaipandisha hadi kwenye siasa ya dola.

Mji wa Muyaka

Muyaka anakadiriwa kuzaliwa mwaka 1776 au karibu na hapo. Alikuwa mwenyeji wa Mombasa, mji ambao wenyewe huuita Mvita, na lugha yake ilikuwa Kimvita. Inasimuliwa kwamba alikuwa mfanyabiashara aliyesafiri kwa vyombo katika pwani hii. Mashairi yake yanaliunga mkono jambo hilo, kwani lugha ya tanga, upepo, bandari na mawimbi imo ndani yake kama lugha ya mtu aliyeijua bahari kwa mikono, si kwa kusikia. Mashairi hayohayo yanamwonyesha pia kama mtu aliyeonja ufukara, aliyedai na kudaiwa, na aliyejua jinsi marafiki wanavyopungua mfuko unapopungua.

Mombasa ya wakati wake ilikuwa na hali ya pekee. Wareno walioijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593 walikuwa wameondolewa humo na Waarabu wa Omani mwaka 1698. Omani ikaweka maliwali, na katika karne ya 18 cheo hicho kikaingia mikononi mwa ukoo wa Mazrui. Ukoo wa Busaidi ulipotwaa utawala huko Omani katika miaka ya 1740, Mazrui hawakukubali kuwa watumishi wa watawala wapya, wakaitawala Mombasa kama nchi yao. Utawala wao ulitegemea sana ridhaa ya wenyeji, yaani Thenashara Taifa, makabila kumi na mawili ya Waswahili yaliyogawanyika katika makundi mawili, Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Mtawala aliyekosana na makundi hayo hakudumu.

Katika mji wa namna hiyo maneno yalikuwa na uzito. Mtawala alihitaji kuwashawishi watu, nao watu walihitaji njia ya kumweleza mtawala yale ambayo hayasemeki wazi. Mshairi alisimama katikati. Muyaka alikuwa karibu na watawala wa Mazrui, akawatetea na kuwahamasisha watu wa Mvita wasimame nao. Lakini hakuwa chombo cha kusifu tu. Aliweza kuonya na kulaumu, na fumbo lilimpa kinga: aliyelengwa alijua kuwa ndiye aliyelengwa, lakini hakuweza kulalamika bila kukiri kwamba kofia ilimkaa kichwani.

Vita, ujumbe na majibizano

Tukio kubwa la kwanza katika utu uzima wa Muyaka ni vita vya Shela, takriban mwaka 1812 hadi 1813. Mombasa ikishirikiana na Pate ilipeleka jeshi kisiwani Lamu, likateremka Shela na kushindwa vibaya. Kushindwa huko kulibadili historia ya pwani. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, waliomba ulinzi wa Seyyid Said bin Sultan wa Omani, naye akapata mguu wa kuingilia mambo ya pwani ya Kiswahili.

Mombasa ilijibu kwa silaha, na pia kwa mashairi. Katika kipindi hiki Muyaka alijibizana na washairi wa Lamu, na kati yao anayekumbukwa zaidi ni Zahidi Mngumi, mshairi na kiongozi wa watu wa Lamu. Mshairi wa upande mmoja alitunga, shairi likapelekwa kwa chombo au likabebwa kichwani na msafiri, likatua katika mji wa adui, na huko likapokewa kama fumbo. Wazee na wajuzi wa lugha walikaa nalo. Je, neno hili ni tusi au ni onyo? Mnyama huyu ni nani? Chombo hiki kinachokwenda mrama ni jeshi gani? Baada ya kuafikiana juu ya maana ndipo mshairi wao alipotunga jibu, na mara nyingi jibu lilifuata bahari na vina vya shairi lililotangulia. Kwa hiyo kufumbua kulikuwa kazi ya mji mzima. Mji ulioshindwa kufumbua ulikuwa umeshindwa mara mbili.

Si maneno peke yake yaliyotumika. Inasimuliwa kwamba Abdallah bin Ahmad al-Mazrui aliposhika utawala wa Mombasa mwaka 1814, hakumpelekea Seyyid Said zawadi iliyozoeleka. Alimpelekea vazi la chuma la vita, kibaba cha kupimia nafaka, baruti kidogo na risasi. Hakuna barua iliyohitajika kueleza. Said alikuwa mwerevu wa kutosha kuelewa kwamba Mombasa ilikuwa tayari kupigana. Simulizi hili linatusaidia kuyaelewa mazingira ya Muyaka. Aliishi katika jamii ambamo hata kifurushi cha zawadi kilisomwa kama ubeti.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misukosuko. Mwaka 1824 Mazrui, wakitafuta kinga dhidi ya Said, waliipokea bendera ya Uingereza kwa mkono wa Kapteni William Owen. Serikali ya Uingereza haikuuthibitisha ulinzi huo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Mwaka 1828 Said alifika mwenyewe na manowari zake, akaingiza askari katika Ngome ya Yesu kwa mapatano, lakini watu wa Mombasa wakawazingira askari hao kwa njaa hadi wakaondoka. Alirudi tena mwishoni mwa mwongo huo, na tena mwaka 1833, asifanikiwe. Katika miaka hii yote Muyaka alikuwa sauti ya Mvita. Aliwadharau waliokuja na manowari, akawakumbusha watu wake sifa za mji wao, akawaonya dhidi ya mgawanyiko.

Onyo hilo la mwisho ndilo lililotimia. Baada ya kifo cha Salim bin Ahmad mwaka 1835, Mazrui walizozana juu ya urithi, na kundi moja la wenyeji likaelewana na Said. Mwaka 1837 Mombasa iliingia mikononi mwake. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa na kusafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi, wasirudi tena. Jamaa zao waliosalia walihamia Takaungu na Gazi. Muyaka aliishi kuyaona haya. Mshairi aliyetumia umri wake kuutetea uhuru wa mji aliumaliza umri huo katika mji usio huru, akafariki takriban mwaka 1840.

Shairi la maisha ya kila siku

Lingekuwa kosa kumchukulia Muyaka kuwa mshairi wa vita tu. Kabla yake, sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili ulioandikwa na kuhifadhiwa ilikuwa tenzi na kasida za dini na maadili. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni mifano mikubwa. Muyaka hakuikataa dini. Alikuwa Mwislamu, na imani yake inaonekana. Lakini alilitumia shairi kwa mapenzi, wivu, ndoa, deni, utani, kukata tamaa na kusuluhisha ugomvi wa mtaani.

Umbo alilolipa hadhi ni shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita zilizogawanyika nane kwa nane katika ukwapi na utao, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Hatudai kwamba alilibuni peke yake. Tunaloweza kulisema kwa uhakika ni kwamba baada yake umbo hilo lilikuwa ndilo mfano wa shairi la Kiswahili, na kwamba kurasa za mashairi katika magazeti ya Kiswahili ya karne ya 20 zilijaa watunzi waliomfuata, wengine bila hata kumjua. Majibizano ya washairi magazetini, mmoja akiuliza na mwenzake akijibu wiki inayofuata, ni ukoo wa majibizano ya Mombasa na Lamu. Kwa njia hiyo tunaweza kusema kwamba Muyaka aliingia gazetini kabla ya mraba wa Wynne kutufikia.

Katika mashairi haya ya kila siku fumbo lilifanya kazi nyingine, ile ya kucheza na maneno yenye maana zaidi ya moja. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno hayo. Neno paa ni sehemu ya nyumba, ni mnyama, na ni kitendo cha kuruka juu. Kaa ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, na ni kuketi. Oa ni kufunga ndoa, na katika lahaja za kaskazini ni kutazama pia. Muyaka alilipenda neno la namna hii. Alilichukua, akaligeuza ubeti kwa ubeti, hadi msikilizaji akabaki akijiuliza amesikia shauri la ndoa au amri ya kufungua macho.

Kwa nini maandishi peke yake hayatoshi

Hapa ndipo tunapofika kwenye ugumu wa kweli. Mashairi ya Muyaka yalihifadhiwa kwa njia mbili: vichwani mwa watu na katika hati za Kiarabu. Hati ya Kiarabu kama ilivyotumiwa zamani kuandika Kiswahili ilikuwa na upungufu unaofahamika. Alama moja ya irabu ilisimamia i na e, na nyingine ilisimamia u na o. Herufi ya b ilitumika pia kwa p. Sauti za ving'ong'o kabla ya konsonanti, kama katika mb na nd, mara nyingi hazikuandikwa.

Tuchukue mfano mmoja. Umbo lililoandikwa kwa kaf yenye irabu ya u au o, likafuatwa na ba yenye irabu ya a, laweza kusomwa kuba, kopa, kumba au komba. Moja ni sehemu ya msikiti, la pili ni jambo la deni, la tatu ni kusukuma, la nne ni mnyama wa usiku. Msomaji anaona kiunzi cha neno, na nyama analazimika kuitia mwenyewe. Mjazaji wa chemshabongo ataitambua hali hii mara moja. Vijumba viko, baadhi ya herufi ziko, na neno zaidi ya moja linaingia. Kinachoamua ni dokezo, na dokezo la shairi la Muyaka halikuandikwa pembeni mwa ukurasa. Lilikuwa katika kumbukumbu za watu wa Mvita.

Hati ya Kirumi nayo haikuja na tiba kamili. Mvita asilia hulitamka neno la paa mnyama kwa mpumuo, lakini paa la nyumba hulitamka bila mpumuo. Vivyo hivyo hutofautisha t ya meno na t ya ufizi. Tahajia yetu sanifu haizionyeshi tofauti hizi. Kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili sanifu anaweza kuona maneno mawili yanayofanana kabisa pale ambapo sikio la Mvita lilisikia maneno mawili tofauti, na anaweza kutafuta fumbo mahali ambapo mshairi hakuliweka.

Sisi tuliojifunza Kiswahili mbali na pwani tunalijua tatizo hili zaidi ya wengine. Mwanafunzi aliyelelewa Soin, Kikipsigis kikiwa lugha ya nyumbani na Kiswahili sanifu kikiwa lugha ya shule, humfikia Muyaka kwa kupanda ngazi mbili: kwanza kutoka lugha ya mama hadi Kiswahili sanifu, kisha kutoka Kiswahili sanifu hadi Kimvita cha karne ya 19. Kamusi humsaidia katika ngazi ya kwanza. Katika ngazi ya pili anahitaji mtu.

Waliomfumbulia

Mtu wa kwanza ambaye hatuna budi kumtaja ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji wa Mombasa, mshairi na mjuzi wa lugha, aliyefariki mwaka 1890. Sikujua aliyakusanya mashairi ya Muyaka kutoka kwa watu walioyakumbuka na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu. Ikumbukwe kwamba mtu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini Muyaka alipofariki alikuwa mzee wa miaka sitini mwaka 1880. Kumbukumbu ilikuwa bado hai, lakini ilikuwa imekonga.

Wa pili ni William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki mwaka 1927. Taylor aliishi Mombasa, akajifunza Kimvita kwa undani usio wa kawaida kwa wageni wa wakati wake, na mwaka 1891 akatoa kitabu cha methali za Waswahili. Kwa msaada wa Sikujua aliyaandika mashairi ya Muyaka kwa hati ya Kirumi, akaonyesha kwa alama zake mwenyewe zile tofauti za matamshi tulizozitaja, akaweka maelezo ya nani alilengwa na kwa nini. Karatasi zake zilihifadhiwa baadaye katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, London.

Kazi ya wawili hawa inazua swali linalostahili kujadiliwa kwa uwazi. Fumbo hufichwa kwa makusudi. Muyaka alifumba ili walio nje wasielewe. Je, Sikujua aliyekaa na mmisionari wa kigeni na kumfunulia maana alimsaliti mshairi wake? Mtu anaweza kulijenga dai hilo, hasa akizingatia kwamba Taylor alifika pwani wakati wakoloni walipokuwa wakijongea. Lakini tukilipima jambo lenyewe tunaona vinginevyo. Adui aliyefichwa maana alikuwa Seyyid Said na watu wake wa wakati ule. Kufikia miaka ya 1880 vita hivyo vilikuwa vimekwisha, na aliyekuwa hatarini kupoteza maana hakuwa adui tena. Alikuwa mjukuu. Kinga iliyomlinda Muyaka dhidi ya watawala ilikuwa imegeuka ukuta kati yake na warithi wake. Sikujua aliufungua mlango katika ukuta huo, na alifariki miaka michache tu baadaye. Angalingoja warithi wenyewe waje kuuliza, huenda wangaliukuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo ameondoka.

Wa tatu ni William Hichens, aliyezitumia karatasi za Taylor kuhariri Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1940. Hivyo basi diwani ya mshairi wa Mombasa ilipigwa chapa takriban miaka mia moja baada ya kifo chake, katika mji ambao hakuwahi kuusikia. Wa nne ni Mohamed Hassan Abdulaziz, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye mwaka 1979 alitoa kitabu chake juu ya Muyaka na ushairi wa Kiswahili wa karne ya 19. Humo aliyaweka mashairi pamoja na historia ya vita, siasa na maisha ya mji yaliyoyazaa. Ni kwa sababu ya kitabu hicho mwanafunzi wa bara anaweza kujua leo kwamba shairi fulani linaloonekana kuwa la mapenzi lilimhusu mtawala.

Tukiuangalia mfuatano huu, tunamwona Muyaka kama mwanzo wa mnyororo. Abdulaziz aliwahitaji Hichens na Taylor pamoja na wazee wa Mombasa. Hichens alimhitaji Taylor, Taylor alimhitaji Sikujua, na Sikujua aliwahitaji watu wa mitaani waliokumbuka. Kila mmoja alitoa mji wake, akapewa jibu, akalipeleka mbele. Pete moja tu ingalikatika, tungalibaki na jina na sifa, pasipo mashairi.

Hitimisho

Katika makala haya tumemwona Muyaka bin Haji kama msafiri wa bahari, mtetezi wa Mvita, mpinzani wa Lamu na Omani, na mcheza na maneno aliyelipeleka shairi katika maisha ya kawaida. Tumeona pia kwamba ukubwa wake haukuhifadhiwa na kipaji chake peke yake. Ulihifadhiwa na watu waliokubali kuuliza na wengine waliokubali kujibu.

Jambo hili lina maana kwetu, wanafunzi wa Kiswahili. Leo neno gumu hutafutwa kwenye intaneti, nayo hutoa jibu upesi. Hata hivyo, intaneti hurudisha kile kilichowahi kuandikwa. Maana nyingi za maneno ya lahaja zetu, za tangoch za Soin, za mafumbo ya Pemba, Lamu na Mvita, hazijaandikwa mahali popote. Ziko kwa wazee ambao umri wao ni uleule wa watu waliomsaidia Sikujua. Mtafiti anayekwenda nyanjani asione haya kusema kwamba ameshindwa kutegua. Na atoe mji, kwa maana ya kutoa muda wake, heshima yake na jina la aliyemsaidia katika kazi anayoichapisha. Mwalimu Sikujua anastahili kutajwa madarasani kila anapotajwa Muyaka. Vivyo hivyo, mzee atakayetufumbulia neno moja mwaka huu anastahili kutajwa katika tasnifu zetu kwa jina lake, akiridhia, wala si kwa neno msailiwa pekee.